Ukurasa Niliokataa Kuuacha

Mwaka waliponikataa nilikuwa na miaka thelathini na moja, katibu katika ofisi moja ya serikali hapa Maskati. Aliyetaka kunioa alikuwa mwenzangu wa ofisini, mtu mpole, ambaye alikuwa ameniona kila siku kwa miaka mitatu kabla hajamtuma mama yake. Mama huyo alikuja kwetu Hamriya pamoja na dada zake wawili. Walikula halwa, wakanywa kahawa, wakamsifu bibi yangu kwa udi aliowafukizia. Wiki mbili baadaye akaja ami, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye idhini ya kuniozesha. Hakuketi. Alisimama mlangoni na kanzu yake ya dishdasha iliyopigwa pasi ikapigika, akasema wale watu wameuliza.

"Wameuliza nini, ami?"

"Asili."

Bibi alikuwa amekaa kwenye zulia anachambua mchele. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Aliyekulia hapa hahitaji kuelezwa zaidi, lakini nitaeleza. Miaka ile, na kwa wengi hata leo, mtu hatoi wala hachukui binti mpaka aulize habari za nyumba anayoingia. Wale walikuwa wameuliza, na mtu fulani, hatukujua nani, alikuwa amewaambia kwamba katika nyumba yetu, kule Unguja, alikuwapo suria, yaani mwanamke mtumwa aliyezaa na bwana wake. Watoto wa suria huzaliwa huru. Sheria inawapa jina la baba yao na urithi wa baba yao, na watoto hao ndio sisi. Kwa wageni wetu wa halwa hilo halikutosha.

Sikulia. Kesho yake nilikwenda kazini, nikakutana na yule mtu ukumbini, nikamwamkia mimi kwanza, kwa sauti ambayo wote waliisikia. Yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

Ami hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Tulipohamia Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, yeye ndiye aliyeibeba nyumba nzima: mama yake, mke na watoto wake, na mimi yatima wa miaka kumi ambaye wazazi wangu wote wawili walikuwa wamezikwa Unguja. Tulichekwa Kiarabu chetu, yeye akichekwa kuliko sote kwa sababu alikuwa mtu mzima. Akajifunza usiku na mchana mpaka wakaacha kumcheka. Akapanda cheo, akajenga Khuwair ya Kusini, nyumba yenye majlisi kubwa ya wageni. Baada ya mimi kukataliwa aliapa kwamba halitampata binti mwingine wa nyumba yake. Angeandika shajara, mti wa ukoo, kuanzia kwa babu yake aliyetoka Qurayyat, hapa Oman, kwenda kulima karafuu Unguja, na kurudi nyuma zaidi mpaka kwa watu ambao hatujui hata walikozikwa. Angempa mwandishi wa khati nzuri aiandike, aitie fremu, aitundike majlisini ili kila mchumba atakayeingia aione kabla hajaketi.

Rasimu alinipa mimi niipige chapa. Nilikuwa na vidole vyepesi na Kiarabu changu kilikuwa kimenyooka. Aliniketisha mezani kwake akanisomea, jina baada ya jina, na alipofika kwa baba yake mwenyewe akaniambia niweke na jina la mama. Mama aliyemtaja alikuwa mke wa Kiarabu wa Qurayyat. Nyumbani kwetu kila mtu alijua kwamba mke huyo hakuwahi kutia mguu Unguja. Nilitazama karatasi, nikamtazama ami, nikapiga chapa.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi nyingine ya baada ya saa za ofisi. Mke wa mhandisi mmoja wa Kimarekani, aliyekuja na mumewe katika ujenzi wa barabara, alibandika tangazo kwenye ubao wa duka la vyakula: anatafuta mtu wa kumpigia chapa kitabu. Nilikwenda kwake Khuwair, nikamkuta mama wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, mrefu, amevaa saa ya kiume, na nyumba yake imejaa maboksi ya viatu. Kila boksi lilikuwa na kizazi kimoja cha watu wa kwao.

Alikuwa akifuatilia ukoo wake tangu siku ambazo Marekani ilikuwa bado koloni la Waingereza. Babu wa kwanza, alinieleza, alivuka bahari akiwa kijana asiye na kitu, amejifunga kwa mkataba kumtumikia mtu kwa miaka kadhaa. Alipomaliza akapata ardhi kando ya mto huko Virginia, akalima tumbaku. Wajukuu zake wakasogea kusini. Watoto wa hao wakavuka milima kwenda Tennessee, wa baada yao wakafika Missouri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, mpaka baba yake yeye akapanda treni akaishia California. Kila walipohama waliacha makaburi na walizaa njiani, na yeye alitaka kujua kila kaburi na kila mtoto. Binamu yake aliyebaki Missouri alizunguka kwenye mahakama na makanisa akinakili vitabu vya zamani, kisha akamtumia bahasha nene kwa posta. Mama huyo alitandaza karatasi ndefu ya michoro ya barabara mezani, upande mtupu juu, akachora humo kwa penseli safari zote za watu wake. Pembe nne alizikandamiza kwa makopo ya maharage.

Niliipenda kazi ile. Nilipenda jinsi alivyokataa kulichukua neno la mtu mpaka aone ushahidi. Swali lake lilikuwa moja: nani kasema? Binamu akimletea hadithi kwamba babu fulani alikula meza moja na jenerali, anauliza nani kasema, na alikuwapo? Kukiwa hakuna jibu, anakata kwa kalamu nyekundu, hata hadithi iwe tamu namna gani. Waliomsumbua zaidi walikuwa wanawake. Makaratasi ya mahakama yaliandika wanaume. Mke alionekana siku mumewe alipokufa, basi. Bibi mmoja alimtafuta miaka saba. Akampata ndani ya kitabu cha kanisa, amesimamia ubatizo wa mtoto wa jirani. Siku hiyo alinikumbatia, na hakuwa mtu wa kukumbatia watu.

Kwa fahari nikamweleza kwamba ami yangu naye anaandika shajara. Akafurahi sana. Akaniuliza kama wanawake wamo. Nikamwambia kwetu hawaandikwi sana. Akatikisa kichwa kama mtu anayelijua tatizo hilo, tukaendelea.

Halafu ukaja wasia. Ulikuwa wa mjukuu wa yule babu wa kwanza, mwenye shamba kubwa kuliko wote waliomtangulia. Niliupiga chapa neno kwa neno kama alivyonifundisha. Mzee huyo alimwachia binti yake kitanda na godoro la manyoya, chungu cha chuma, ng'ombe wawili na uzao wao, na mwanamke mmoja mweusi na mtoto wake na uzao wao. Jina la mwanamke lilikuwapo, jina moja tu, lisilo na baba. Neno lililotumika kwa uzao wa ng'ombe na kwa uzao wa mwanamke lilikuwa lilelile. Nilirudi nyuma kuhakikisha sijakosea mstari. Sikuwa nimekosea.

Mmarekani alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Huo niachie kwanza," akasema, akaenda jikoni, akakaa huko mpaka nilipoaga.

Baada ya mwezi hivi alinipa sura nzima niipige upya kwa ajili ya kupelekwa kwa mchapaji. Nilipofika kwa mzee yule nikakuta wasia wote umegeuka mstari mmoja: aliwaachia watoto wake ardhi, mifugo na vyombo vya nyumbani.

"Madamu," nikamwambia, "wasia umepungua."

"Umefupishwa."

"Mwanamke ametoka. Na mtoto wake."

Akavua miwani. "Kaka yangu amesoma rasimu. Kitabu kitagawiwa kwenye mkutano wa familia, kutakuwa na wazee na watoto. Anaona ukurasa ule utawaumiza watu bure. Sijaandika uongo wowote. Nimefupisha."

"Ng'ombe wamo," nikasema.

"Unasemaje?"

"Umeandika mifugo. Ng'ombe wamebaki kitabuni. Aliyetoka ni yeye."

Alivaa tena miwani. Kisha akasema, bila ukali, lakini kwa sauti ya mwalimu, "Nimekuomba unipigie chapa. Hii ni familia yangu."

"Basi ukurasa huu sitaupiga," nikamwambia, nikazima kompyuta, nikachukua mkoba wangu.

Nilikuwa nimeshashika kitasa aliponiuliza, "Na ami yako? Wanawake kama huyu, yeye amewaandika?"

Hakujua lolote juu yetu. Aliuliza kwa kuumia, kama mtu anavyokamata kilicho karibu. Nilitoka kwenye lile joto la Khuwair, nikapanda teksi mpaka Hamriya, na njia nzima nilikuwa nikiangalia vidole vyangu. Nilikuwa nimemsimamia mwanamke wa Marekani aliyekufa zamani, nikazima kompyuta kwa ajili yake kama shujaa. Wa kwetu nilimfuta mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilimkuta bibi amemaliza kusali alasiri. Bibi huyu ni mama yake ami na mama yake baba yangu. Nilikaa mbele yake nikamuuliza mama wa marehemu babu alikuwa nani.

"Si umempiga chapa mwenyewe?" akanijibu.

Nikasema nimepiga chapa uongo na yeye anajua.

Bibi alikunja msala polepole. Alikuwa na tabia ya kutosema jambo zito mpaka mikono yake iwe na kazi, basi akavuta sinia ya bizari akaanza kuchagua vijiti. "Mkwe wangu yule," akasema. "Mie nimeolewa nna miaka kumi na sita, nimemkuta shambani, ndiye aliyenipokea. Katoka Nyasa. Kachukuliwa mdogo, hata meno hajamaliza kung'oa. Alikuwa na tundu hapa, kwenye mdomo wa juu, walikuwa wakitiwa kigogo huko kwao. Kigogo chenyewe hana tena, tundu limebaki. Akicheka hujiziba kwa mtandio. Na alikuwa mtu wa kucheka, usidhani."

"Ulikuwa ukimwita nani?"

"Mama. Na nyumba nzima ikimwita jina walompa wao, la kitumwa, jina la kitu kizuri kizuri. La kwao kanambia mie peke yangu. Nlikuwa namsuka, kaniambia: mama yangu aliniita hivi, ulishike. Nikalishika."

Akalitamka. Katika kurasa hizi sitaji jina la mtu yeyote, wala langu, na lake pia nitaliacha liwe pamoja na yetu. Lakini nililiandika pale pale nyuma ya risiti ya dawa, mara tatu, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, kwa sababu nilihofu bibi asingelisema tena.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii, kwa nini alimwacha mwanawe aandike vile.

"Kule tulipigwa kwa kuwa Waarabu," akasema. "Tumefika huku tumechekwa kwa kuwa Waswahili. Kila ofisi, kabila gani, kabila gani. Weye ulikuwa mtoto, hukuona ami yako alivyokuwa akisimama mbele ya zile meza. Nikaona ninyamaze, watoto wapate pa kukaa." Akapuliza vumbi la bizari. "Sasa wamepata pa kukaa. Andika."

Wiki hiyo Mmarekani alinipigia simu ofisini. Hakusalimia. Alisema ukurasa umerudi, wote, neno kwa neno, na kwamba amemwambia kaka yake akiutoa ukurasa huo autoe na jina la mwandishi kwenye jalada. Nikamwambia nitakuja kesho. Kisha nikamwambia na ya kwetu, huku nimeipa ofisi mgongo ili wenzangu wasinisikie.

Alichouliza ni kilekile: nani kasema? Bibi alisema, nikamjibu, na alikuwapo. Akasema huo ni ushahidi mzuri, lakini yule mke wa Qurayyat naye alikuwa mtu, na hatujasikia upande wake. Ijumaa moja akanipeleka kwa gari lake, akiendesha mwenyewe kwenye zile kona za milimani, mimi nimeshika dashibodi. Qurayyat tulimkuta mama mmoja mzee sana, mjukuu wa kaka wa yule mke, nyumba yake nyuma ya mitende. Alitupa tende na maji ya baridi. Nilipomwambia mimi ni wa nani alinitazama usoni kwa muda.

"Huyo alikuwa shangazi wa baba yangu," akasema kwa Kiarabu. "Hakuzaa. Mume alikwenda, hakurudi. Alikaa hapa hapa akilea watoto wa ndugu zake, na alipokufa baba yangu ndiye aliyemzika. Watu wenu wa Unguja hawakuleta hata salamu. Na sasa mmemwandikia mtoto?"

Nikamwambia ndiyo, tumemwandikia, na mimi ndiye niliyepiga chapa.

"Basi mfute," akasema. "Alitaka mtoto maisha yake yote. Msimpe wa karatasi."

Mmarekani hakuelewa maneno lakini aliielewa sauti.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kuandika shajara yangu. Niliandika barua Unguja, niliwapigia simu mashangazi Dubai, nilikaa na wazee kwenye matanga na harusi, daftari ndani ya mkoba. Wanaume walikuwa rahisi, wamo vichwani mwa wote. Kina mama ilibidi niwatoe mmoja mmoja. Watu walikumbuka mapishi yao na magonjwa yao kabla hawajakumbuka majina. Wengine walinikatia simu. Shangazi mmoja aliniambia nimekosa mume ndiyo maana nimekosa kazi ya kufanya. Nikamwambia ni kweli, nina nafasi, basi anipe jina la mama yake mkubwa. Akanipa.

Nilipomaliza, kila mwanamume kwenye karatasi alikuwa na mama yake ubavuni, na mama wa babu yangu alikuwa pale alipostahili kuwa, na majina yake yote mawili. Niliandika na kwao, Nyasa. Nikatengeneza nakala, na sikukuu ya Idi, siku ya pili, nikamwendea ami.

Majlisini walikuwamo watu wa nyumba tu: ami, wanawe, na wakwe wawili. Fremu ya dhahabu ilikuwa ukutani. Kwa kawaida sisi wanawake tungekaa chumba cha ndani. Bibi alikataa. Alinishika mkono, fimbo mkono wa pili, tukaingia pamoja, na wale wanaume wakasimama kwa ajili yake.

Nilimbusu ami kichwani, nikampa karatasi. Akaisoma taratibu, kwa kidole, kama asomavyo msahafu. Kidole kikasimama.

"Umeandika nini hapa?"

"Mama zao, ami."

"Toa huyu."

"Sitoi."

Akainua macho. "Unajua mdogo wako anaposwa mwezi huu?" Alikuwa akimsema binti yake wa mwisho. "Karatasi hii ikitoka nje umemfungia mlango. Wewe, ambaye umeyaonja."

"Nimeyaonja, ndiyo maana," nikasema. "Mimi nilifungiwa mlango na karatasi haikuwapo. Waliuliza wakaambiwa. Wakiuliza kesho wataambiwa tena, hata ukitundika fremu kumi. Tukisema wenyewe, hawatakuwa na la kutunong'onea."

"Ni maneno ya Kimarekani hayo."

"Ni maneno ya mama yako."

Wote wakamtazama bibi. Alikuwa ameshaketi, miguu ameinyoosha mbele yake juu ya zulia zuri la majlisi.

"Weye ulizaliwa masika," akamwambia ami. "Njia zote za shamba zimejaa maji, mkunga hakufika. Alokupokea ni yule mama. Kakukata kitovu, kakukosha, kakupa kwangu. Tangu umeachishwa ziwa hadi unakwenda chuoni kusoma Kurani hukukubali kulala pangu, ila ulale pake. Yule wa Qurayyat hakuzaa, umempa mtoto. Yule alozaa umempokonya. Nikuulize, hii ni nasaba ya nani?"

Majlisini mwake ami alikuwa na desturi ya kuzungumza Kiarabu tu, hata na sisi. Sasa alijibu kwa Kiswahili.

"Mama, mie nnamkumbuka," akasema. "Nnamkumbuka kuliko nyote humu. Harufu yake nnaikumbuka."

"Basi?"

"Basi nna watoto."

Alikunja karatasi yangu mara mbili, akaitia mfukoni mwa dishdasha. Hakuichana. Wala hakuitundika. Tulitoka, na hakusema nami tena kwa miaka miwili.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalikwenda kama nilivyowaambia pale. Hayakwenda hivyo. Nakala zilitoka, kama alivyoogopa ami, maana niliwapa wote waliotaka, na posa ya mtoto wake ikavunjika. Alikuwa na miaka ishirini na alimpenda yule kijana. Nilikwenda kwao kumwona, akaniambia kupitia mlango uliofungwa kwamba nimemwozesha kwa maiti. Nikamjibu kwamba maumivu yake yananiuma kweli, na kwamba karatasi siifuti. Nilisimama pale nje kitambo, halafu nikarudi Hamriya. Kuna ndugu ambao mpaka leo nikiingia harusini huhamia kiti kingine. Nawaacha wahame. Chakula nakula mpaka nishibe.

Bibi alifariki miaka ya mwisho ya tisini, Mmarekani na mumewe wakarudi kwao mwaka huohuo. Alinitumia kitabu kilichochapwa. Nilikifungua moja kwa moja kwenye wasia, nikamkuta mwanamke yule na mtoto wake, na chini yake Mmarekani alikuwa ameongeza maneno machache kwamba bado anawatafuta wajukuu wao. Kaka yake, aliniandikia, hakuja kwenye mkutano.

Ami aliugua kisukari, macho yakapungua. Siku moja dereva wake akaja kunichukua. Alitaka nimsomee barua zake, na tangu hapo nilikwenda kila Jumanne, nikamsomea barua na magazeti, na shajara hatukuitaja hata mara moja. Alipokufa, wakati wa kugawa nguo zake, mkewe alinipa karatasi yangu. Ilikuwa bado imekunjwa mara mbili, imechakaa kwenye mikunjo kama kitu kilichofunguliwa mara nyingi.

Yule binti yake aliolewa baadaye na mwalimu wa mji wa Sur, mtu ambaye alipoambiwa asili aliuliza kama chakula kiko tayari. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Wakampa jina la mama yetu wa Nyasa, lile la kwao. Karani wa vizazi alimuuliza binamu yangu hilo ni jina gani, la wapi. "La kwetu," akamjibu. Hakunisimulia yeye, nilisikia kwa mumewe. Yeye na mimi tunaamkiana vizuri, hatujafika mbali zaidi ya hapo, na sijamlaumu.

Kisha, katikati ya miaka ya elfu mbili, wakaja wanaume watatu. Kabila letu zima lilikuwa linaandikiwa kitabu, chenye jalada gumu, na wao ndio waliokusanya shajara za nyumba zote. Kaka mkubwa wa binamu yangu, aliyeshika nafasi ya ami, aliwaelekeza kwangu. Nilikuwa nimeshahamia fleti yangu mwenyewe Khuwair. Niliwakaribisha, nikawapikia kahawa, nikaweka karatasi yangu mezani.

Mkubwa wao aliisoma akatabasamu. "Sisi tunaandika wanaume tu, dada yangu."

"Hakuna neno. Andikeni wanaume tu, kwa nyumba zote."

Wakatazamana. Kwa zile nyumba kubwa, wale babu wenye wake wa kabila, walikuwa wameandika mama. Niliuona ukurasa wa mfano mkononi mwake.

"Ile ya marehemu ami yako ni safi," akasema. "Ina khati nzuri, imekamilika. Tutaichukua ile. Hii weka nyumbani, kumbukumbu yenu."

"Ile ina uongo mmoja. Niliupiga chapa mimi, naujua ulipo."

"Mtabaki nje ya kitabu," akasema wa pili, ambaye alikuwa kijana zaidi. "Watoto wenu watakitafuta kesho wasijione. Mmelifikiria hilo?"

Nikawaambia waende wakamuulize mkubwa wa nyumba yetu, mwenye kutia sahihi. Walikwenda kwa yule kaka mkubwa jioni hiyo, na yeye, ambaye siku ile ya Idi alikaa kimya kando ya baba yake na hakunitazama, aliwaambia kwamba wachukue karatasi ya dada yake, yaani yangu, kama ilivyo au waache. Wakaacha.

Kitabu kimetoka. Ni kizuri, kizito, herufi za dhahabu. Nimekiona katika majlisi za watu, nimekifungua kwenye tawi letu, nikaona linakoma kwa babu aliyetoka Qurayyat, kama aliondoka akafa bila mtoto. Watu hunionesha kwa huruma. Wiki iliyopita alinipigia simu mke wa mmoja wa wale wanaume watatu. Amesikia nina shajara yenye kina mama, anataka kuiona, mumewe asijue. Nilimwambia aje wakati wowote, aje na kalamu, na kabla hajaja akae na mama yake amuulize majina.